Nilivyoleta habari za bangi kwenye kikoba chetu

Mwanangu alikua form two. Nafua suruali yake ya shule nikakuta mfukoni kichupa cha dawa ya macho, ile ya matone, na mtoto hana tatizo la macho hata kidogo. Nikakaa chini pale pale kwenye beseni maana nilishajua anavuta bangi, matone ni ya kutoa wekundu wa macho, na siku nyingi namwona anachoma udi chumbani kuficha harufu najifanya sielewi.

Kilichoniuma zaidi majirani walijua kitambo, ila waliogopa ntasema wanamsingizia. Ndo nikamwomba mwenyekiti wa kikoba dakika kumi baada ya hesabu za hisa. Mara ya kwanza nilikosea, niliwatisha tu kwamba mtoto akivuta anakua chizi, kesho yake kijana mmoja akamuuliza mamake mbona baba mdogo anavuta miaka yote na hajawa chizi, basi ikaishia hapo. Na kweli sio kila anayevuta anachanganyikiwa, ukimdanganya mtoto kwa moja hakusikilizi tena kwa tisa.

Nikaenda kwa nesi wa zahanati akanielewesha, ubongo unaendelea kujijenga mpaka karibu miaka 25 kwahiyo bangi kwa mtoto wa miaka 15 inagusa kumbukumbu na umakini wake kuliko mtu mzima, na kama kwenye ukoo kuna ugonjwa wa akili hatari inazidi, halafu hii aina ya bangi wanayoiita skanka ina nguvu kuliko bangi ya kawaida. Hayo ndo nikayapeleka, na nikawasimulia ya kichupa. Jamani palikua kimya, mara mama mmoja akasema "na wangu anacho." Hapo wakafunguka, mwingine alishazunguka kwa waganga wawili akijua mtoto katupiwa jini.

Tukakubaliana ukimwona mtoto wa mwenzio kijiweni unamwita mamake pembeni, humtangazi, na aliyeambiwa hanuni. Wababa ndo wagumu, wanajua fimbo tu, na mimi wangu nilimchapa mwanzoni akazidi kushinda kijiweni. Aliyezidiwa tunapiga 119, namba ya bure ya Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, unapata ushauri wa pa kuanzia.

Wangu sa hivi yuko form four. Juzi kaomba hela ya tuisheni nikampa, nikamfuata kwa mbali mpaka nikamwona kaingia darasani.