Namtafuta mwanamke aliyening'inia kwa meno: kumbukumbu ya mradi, Januari hadi Julai

Januari

Mradi ulianzia kwenye kopo la biskuti. Mama mkwe alilitoa kabatini, akanisogezea, akasema, "Wewe unapenda ya kale, haya yako." Ndani mlikuwa na vifungo, funguo zisizo na kufuli, picha ya studio iliyobandikwa kwenye kadi ngumu, na kipande cha ngozi nyeusi. Ngozi yenyewe ina umbo la ulimi, imeshonwa tabaka juu ya tabaka, na upande mmoja ina pete ya shaba inayozunguka ukiisukuma kwa kidole. Yeye alidhani ni kipande cha hatamu za farasi. Nami nikakubali, maana sikuwa na jibu bora.

Pichani wamo wasichana watatu waliovaa mavazi ya kubana yenye vimetameta, mikono viunoni, hakuna anayetabasamu. Wa katikati ni bibi mzaa bibi yake mama mkwe. Kwa hiyo mama mkwe ni kitukuu, mume wangu ni kilembwe, na wanangu ni vining'ina. Nilipokuja kugundua yule bibi alikuwa akifanya kazi gani, nilicheka peke yangu kama mwehu. Mtaelewa mbele.

Ukoo umehifadhi sentensi moja tu juu yake: "Walikuwa ndugu watatu, Waitalia, wakacheza Marekani na Barnum." Barnum ni yule mwenye sarakasi maarufu wa Marekani. Nikaiandika sentensi hiyo kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari. Ndani yake mna madai matatu, nikaamua kuyapima moja moja.

Jina lao la kisanii sitaliandika hapa. Wapo jamaa wa wasichana wengine ambao huenda wako hai, na sijawaomba ruhusa.

Februari

Mwezi wa hasara. Nilichukua jina la kisanii nikalitafuta kwenye sensa za Uingereza za 1881, 1891 na 1901, kwenye fahirisi za ndoa na kwenye orodha za abiria wa meli. Nimetoka mikono mitupu, na kosa ni langu. Nilikuwa namtafuta mtu kwa jina ambalo aliyeliandika kwenye bango hakukusudia liwe la mtu yeyote.

Wasanii wa sarakasi walivaa majina kama walivyovaa vimetameta. Pablo Fanque, Mwingereza mweusi aliyemiliki sarakasi yake mwenyewe katika karne ya 19, alizaliwa Norwich akiitwa William Darby. Con Colleano, aliyepanda kwenye waya akiwa amevaa kama mpigana na fahali wa Kihispania, alikuwa Cornelius Sullivan, Mwaustralia mwenye asili ya wenyeji wa kule. Na yule "binti" Lulu, aliyefanya watu wazimie kwa kurushwa juu, alikuwa mvulana aitwaye Samuel Wasgate. Jina, taifa, hata jinsia, vyote viliuzwa pamoja na tiketi. Ukiona "Signor" au "Mademoiselle" kwenye bango la zama zile, jiulize kwanza kama mwenyewe aliwahi kuvuka bahari.

Machi

Ngozi imejitambulisha. Nilikuwa naangalia mchoro wa Degas wa 1879, ule ulioko National Gallery ya London, unaomwonyesha Miss La La kwenye Cirque Fernando ya Paris. Mwanamke huyu alikuwa na asili ya Kiafrika, mzaliwa wa Stettin, mji ambao leo unaitwa Szczecin na uko Poland. Mchoraji amesimama chini, anatazama juu. Mikono ya mwanamke imetandazwa hewani, miguu imekunjwa, na kamba inatoka kwenye kuba la jengo ikiishia kinywani mwake. Hakuna kingine kinachomshika.

Nikaenda kulifungua kopo. Nikaishika ngozi karibu na taa na kuigeuza. Upande wa juu una nafasi zilizozama, zimepangika kwa upinde, nyuma zimeingia ndani kuliko mbele. Ni meno. Mtu aliuma hapa, tena na tena, hadi ngozi ikachukua umbo la kinywa chake. Ile pete ya shaba ilikuwa ya kumwezesha azunguke kama pia bila kamba kujisokota. Mchezo huu uliitwa taya la chuma.

Kwa hiyo bibi alikuwa akining'inia, na hawa wangu ndio vining'ina. Nilimpigia wifi simu saa nne usiku kumweleza, naye akaniuliza kama nimekula.

Sasa nina kitu bora kuliko jina. Jina la kisanii lingeweza kubadilika kila msimu, lakini mtu aliyejifunza miaka kadhaa kubeba uzito wa mwili kwa taya hawezi kuamka kesho akawa mpiga fidla. Nimeyafuta majina yote kwenye orodha yangu ya utafutaji, nimeweka mchezo.

Aprili

Gazeti la The Era ndilo kila kitu. Lilianza 1838 na kufa 1939, na kwa muda mrefu lilikuwa ndilo soko la wasanii wa majukwaa Uingereza. Hapo ndipo msanii alitangaza wiki hii yuko ukumbi gani, wiki ijayo anakwenda wapi, na lini ana nafasi. Asiye na makazi aliweza hata kutumia ofisi ya gazeti kama anwani ya barua zake. Ukitaka kujua mtu wa sarakasi alikuwa wapi tarehe fulani, sensa inakupa usiku mmoja kila miaka kumi, gazeti linakupa kila wiki.

Ubaya ni kwamba kurasa zimesomwa na mashine, na herufi zenyewe ni ndogo kama chawa. Neno "teeth" nimelikuta likiwa "tecth", "toeth" na mara moja "teelh". Nikatafuta yote. Nikatafuta na "jaw". Nikapata mengi ya madaktari wa meno, kisha, ukurasa baada ya ukurasa, nikaanza kuwaona wasichana wangu.

Nimetengeneza jedwali la kawaida tu: tarehe ya gazeti, mji, ukumbi, aliyetangulia jukwaani, aliyefuata. Safu mbili za mwisho nilizidharau, lakini zimenisaidia kuliko zote. Wasanii walikuwa wakipangwa pamoja, kwa hiyo wasichana wanapopotea kwenye matangazo, namfuata mchekeshaji aliyekuwa nao juzi, na mara nyingi wamo naye mji unaofuata, jina limekosewa tu. Mpaka sasa nimejaza wiki 23, za mwishoni mwa 1890 na mwanzo wa 1891.

Mei

Sensa ya 1891 ilihesabu watu waliolala nyumbani usiku wa Jumapili, tarehe 5 Aprili. Jedwali langu lilinionyesha wasichana wako ukumbi gani wiki iliyoishia Jumamosi tarehe 4. Nikasema, basi, wamepatikana. Nikausoma mji ule mtaa kwa mtaa, nyumba zote za karibu na ukumbi, kwa wiki mbili. Hawamo.

Wifi ndiye aliyenitoa gizani, na wala hapendi mambo haya. Alikuwa anapasi nguo, akasema bila kuinua macho, "Lakini Jumapili si ndiyo siku waliyohama?"

Ndiyo. Mkataba ulikuwa Jumatatu hadi Jumamosi. Jumapili nzima wasanii wa nchi nzima walikuwa kwenye treni na masanduku yao, wakibadilisha mabehewa kwenye makutano ya reli ya Crewe na kupeana habari za wenye nyumba wabahili. Sensa iliwakuta wameshafika mji wa wiki ijayo. Na hii si ya 1891 tu: tarehe 3 Aprili 1881, 31 Machi 1901 na 2 Aprili 1911, zote ni Jumapili. Mtu wa kumbi za muziki mtafute alikokwenda, usimtafute alikotoka. (Wa sarakasi ya hema ni habari nyingine. Hao waangalie mwishoni mwa kitabu cha karani, pale palipoandikwa waliolala kwenye magari na mahema.)

Nikafungua gazeti la Jumamosi iliyofuata, nikasoma mji, nikaingia kwenye sensa yake. Dakika arobaini. Nyumba ya mjane anayepangisha vyumba. Wapangaji: mwanamume, kazi yake mwanasarakasi, mkewe, kisha wasichana watatu, kazi hiyohiyo, na majina yao matatu ya ukoo hayafanani hata kwa herufi ya kwanza. Kwenye safu ya uhusiano karani ameandika, mara tatu, mwanagenzi.

Sensa ile ilikuwa ya kwanza kuuliza nani mwajiri na nani mwajiriwa. Mwanamume ametiwa alama ya mwajiri. Wasichana, waajiriwa.

Basi "ndugu watatu" wamekufa. Walikuwa watoto wa watu watatu tofauti, waliokabidhiwa kwa bwana mmoja awafundishe, naye akawabandika jina moja kwenye bango. Ilikuwa kawaida ya kazi ile. Pablo Fanque mwenyewe alianza hivyo, mwanagenzi wa mwenye sarakasi aitwaye William Batty.

Kumwambia mama mkwe kulikuwa kugumu kuliko nilivyodhani. Bibi yake alilelewa akiwaita wale wengine wawili mama wadogo. Alinyamaza, kisha akauliza kama kwenye mti wa ukoo nitawafuta. Nikamwambia sikuwa nimewaweka bado.

"Waweke," akasema.

Programu ninayotumia haimkubali mtu asiye na damu wala ndoa. Nimewachora kwa kalamu, mstari wa nukta nukta.

Juni

Vyeti. Cha kwanza nilichoagiza kilikuwa cha mtoto mwingine, jina lilelile, wilaya ileile, niliharakisha. Cha pili nimekipata kwa kulinganisha jina la ukoo la mama yake kwenye fahirisi ya waliozaliwa na lile la kwenye kitabu cha ubatizo. Fahirisi ikiwa na jina la mama, usiagize chochote kabla ya kulitazama. Hilo nimelilipia.

Alizaliwa 1878, Lancashire, baba mfumaji kwenye kiwanda cha pamba. Italia hakuna, hata kwa mbali. Sensa ya 1881 inamwonyesha nyumbani, miaka miwili, kaka wanne juu yake.

Sasa hesabu. Aliyezaliwa 1878, kwenye sensa ya Aprili 1891 ana miaka kumi na miwili. Karani ameandika 15. Nilidhani ni makosa ya kalamu, hadi nilipokumbuka sheria ya 1879 iliyokataza mtoto wa chini ya miaka 14 kuchezeshwa michezo ya hatari. (Mwaka 1897 kiwango kikapandishwa, 16 kwa wavulana na 18 kwa wasichana.) Aliyemjibu karani mlangoni alikuwa bwana wao, naye alijua vizuri ni namba gani ya kutaja. Ukitafuta mtoto wa sarakasi baada ya 1879, usifunge mwaka wa kuzaliwa kwenye utafutaji. Umri wake upe nafasi ya miaka minne kwenda juu.

Siku hiyo niliiangalia ile picha tena. Nilikuwa nikimwona mwanamke. Sasa namwona binti aliyesimama kama mwanamke alivyofundishwa kusimama.

Julai

Limebaki dai la tatu, Marekani na Barnum. Nimepita orodha za abiria mara mbili, kwa jina la kuzaliwa na la kisanii. Nimepita magazeti ya burudani ya Marekani: New York Clipper, na Billboard tangu lilipoanza 1894, lile lililokuja kuchapisha majina ya wasanii wenye barua zinazowasubiri. Hamna.

Lakini nimegundua jambo ambalo ningelijua mwanzo ningeokoa wiki tatu. Sarakasi ya Barnum & Bailey ilikuja Uingereza yenyewe. Ilicheza Olympia, London, majira ya baridi ya 1897 hadi 1898, ikazunguka nchi kwa treni zake 1898 na 1899, ikaendelea bara la Ulaya na kurudi kwao 1902. Mtu angeweza kabisa kucheza "na Barnum" bila kulowanisha kiatu. Mjukuu anasikia Barnum, anaongeza Marekani mwenyewe.

Sarakasi kubwa za Marekani zilichapisha vitabu vya safari mwisho wa msimu, vyenye mji wa kila siku na majina ya wasanii, na vingi vimewekwa mtandaoni na Circus Historical Society. Wapiga misumari, wachunga farasi na wabeba turubai hawakuwa na bahati hiyo. Treni ya Hagenbeck-Wallace ilipogongwa karibu na Hammond, Indiana, mwaka 1918, walikufa watu 86, na kwenye makaburi ya Showmen's Rest kuna mawe yaliyoandikwa "Unknown Male" na namba tu, kwa sababu wengine walikuwa wameajiriwa siku chache nyuma na hakuna aliyejua majina yao. Msanii angalau ana bango.

Cheti chake cha ndoa ni cha 1899. Siku ya ndoa ni Jumapili, na sasa siulizi kwa nini. Mume ni seremala. Mahali pa kazi ya mke pamepigwa mstari. Miaka yote ile ya taya, mstari.

Mama mkwe amekumbuka kitu kingine: bibi yake alikuwa akisimulia kwamba mama yake, hata uzeeni, alikata uzi kwa meno na kupasua njugu kwa meno, na mtoto yeyote aliyemwiga alipigwa kofi.

Wiki hii nalinganisha mji wa ndoa na ratiba ya Barnum ya 1899. Nikimaliza naanza na yule msichana wa kushoto. Ana jina la kawaida mno, ila kwenye tangazo la Desemba 1890 wameandika kwamba yeye ndiye aliyewashika wenzake wawili, mmoja kila mkono, huku yeye mwenyewe akining'inia kwa meno. Ngozi iliyomo kopo ni moja. Inawezekana kabisa kwamba si ya bibi yetu.