Nilivyozirudisha kazini kadi za grafiki za zamani kwenye Linux

Kituo chetu cha vijana kilinunua kompyuta nane za mtumba, Dell OptiPlex, zile za ofisini ambazo zikishachakaa huko Ulaya huletwa huku kwa kontena. Muuzaji alitueleza mapema: mashine nzima, diski nzima, lakini kadi za grafiki ni za kizamani, "hizo msizihesabu." Mimi nilizihesabu. Vijana walikuwa wameomba jambo moja tu, kujifunza kutengeneza gemu kwa Godot, na pesa ya kununua kadi mpya hatukuwa nayo.

Niliweka Debian 12, mojawapo ya mifumo ya Linux, kwenye zote. Zikawaka vizuri, maandishi safi, intaneti ipo. Kasheshe ilianza tulipofungua mradi mdogo wa Godot 4, mchemraba mmoja unaozunguka basi. Feni ya prosesa ikaanza kuvuma, mchemraba ukawa unakwenda kwa kurukaruka. "Mwalimu, nimekosea wapi?" binti mmoja akaniuliza, na hakuwa amekosea popote. Nilipiga amri ya `vulkaninfo --summary`, inayoonyesha ni nani anashughulikia Vulkan, yaani lugha ambayo Godot 4 huitumia kuiagiza kadi ichore, na mahali pa jina la kadi nikakuta "llvmpipe". Hilo si jina la kadi. Ni programu inayoibebesha prosesa kazi ya kuchora kila nukta, huku kadi yenyewe imekaa pembeni haina habari.

Nikafungua mashine ya kwanza. Kadi fupi, nusu kimo, vumbi limeshikamana kwenye feni yake mpaka limekuwa kama sufi. Nikaisafisha kwa brashi ya rangi, nikairudisha, kisha nikauliza mfumo wenyewe: `lspci -nnk`. Kompyuta tano zilijibu Oland, hilo ndilo jina la chipu, na jina la dukani Radeon HD 8570. Tatu zikajibu Caicos, Radeon HD 7470. Kwa namba za dukani ungedhani ni ndugu wa tumbo moja waliofuatana. Sivyo kabisa. Oland ni wa ukoo wa GCN, ambao AMD, kampuni ya chipu hizi, iliutambulisha mwishoni mwa 2011. Caicos ni wa ukoo uliotangulia, TeraScale 2. Kama kuna jambo moja ningependa kila fundi alishike, ni hili: usifuate namba iliyo kwenye stika, tafuta jina la chipu, maana draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, huenda kwa ukoo wa chipu.

Chini ya kadi zote kulikuwa na mstari uleule: "Kernel driver in use: radeon". Keneli, yaani kiini cha Linux, ina draiva mbili za kadi za AMD, radeon ya zamani na amdgpu ya baadaye. Kadi kama Oland zimeangukia mpakani. Draiva zote mbili zinaziweza, ila keneli ya 6.1 inayokuja na Debian 12 huzikabidhi kwa radeon usipoiambia vingine. Na RADV, ambayo ndiyo draiva ya Vulkan ya kadi za AMD ndani ya Mesa, mkusanyiko wa draiva huria za grafiki, haikai juu ya radeon. Inaitaka amdgpu. Kwa hiyo kadi zetu tano hazikuwa na ugonjwa wowote, zilikuwa zimekabidhiwa mlezi asiyejua Vulkan.

Dawa yake ni maneno mawili ya kuiambia keneli wakati wa kuwaka:

`radeon.si_support=0 amdgpu.si_support=1`

Mara ya kwanza niliandika neno la kwanza peke yake, moja kwa moja kwenye faili la `/etc/default/grub`, la GRUB, programu inayoiwasha Linux, nikapiga `update-grub` na kuwasha upya. Radeon ikaachia kadi na hakuna aliyeipokea. Skrini ikarudi na herufi kubwa zenye ukungu, madirisha yanajikokota. Tangu siku hiyo najaribu kwanza kwa muda: kwenye menyu ya GRUB nabonyeza herufi e, naongeza maneno mwishoni mwa mstari unaoanza na neno linux, kisha Ctrl na x. Mambo yakiharibika, ukizima na kuwasha yanarudi kama yalivyokuwa. Yakikubali, ndipo unayaandika kwenye faili. Hakikisha pia kifurushi cha `firmware-amd-graphics` kipo, bila hicho kadi hizi haziamki sawasawa.

Nilipoweka maneno yote mawili, `vulkaninfo` ikaandika RADV OLAND. Tukafungua mchemraba. Ulizunguka taratibu, bila kushtuka, na feni ya prosesa ikanyamaza. Nilikaa nautazama kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili mchemraba.

Zile tatu za Caicos hazina njia hiyo, kwa sababu Mesa haina draiva ya Vulkan kwa ajili ya TeraScale. Lakini OpenGL, lugha ya kuchora iliyoitangulia Vulkan, zinaipata vizuri kupitia draiva ya r600, na Godot ina namna ya kuchora iitwayo Compatibility inayotosheka na OpenGL 3.3. Unaichagua pale unapoanzisha mradi. Gemu za pande mbili zinakwenda bila shida, na wanaoanza hawahitaji zaidi.

Baadaye tulipewa mashine ya tisa, ndani ina GeForce 210 ya NVIDIA. Hii ilinisikitisha. Draiva rasmi ya kadi hiyo iliishia toleo la 340.108, Desemba 2019, na ukiichukua kama ilivyo haikubali kujengwa kwenye keneli ya 6.1. Msimbo wake umefungwa, kwa hiyo waliobaki nje wanaweza kuweka viraka pembezoni tu. Inayoiendesha leo ni nouveau, iliyoandikwa na watu waliochunguza kadi hizo kwa subira bila kupewa nyaraka. AMD ilitangaza mwaka 2007 kwamba itatoa nyaraka za chipu zake, na naamini hiyo ndiyo sababu r600 bado inarekebishwa mpaka sasa. Nawashukuru kwa dhati wanaoandika draiva hizi, ingawa hatujuani.

Kwenye ubavu wa kila kompyuta nimeandika kwa kalamu ya wino mzito jina la chipu. Anayetaka kutengeneza gemu ya 3D anatafuta palipoandikwa Oland. Ile ya GeForce tumeiweka dirishani, wanajifunzia kuchapa.