Bata kwanza, brashi baadaye

Walimu mnaoandaa wanafunzi kwa shindano la Junior Duck Stamp la Marekani, la wanafunzi kuchora bata na jamaa zake wa majini kwa ajili ya stempu, anzeni na ndege mwenyewe. Ni bata wa kuzamia, au wa kubinuka mkia juu akila majini? Wa kuzamia miguu yake imekaa nyuma kabisa. Mtoto akiichora katikati ya tumbo, kosa huonekana papo hapo, hata rangi ziwe nzuri vipi.

Karatasi ni inchi 9 kwa 12, ilazwe kwa upana. Mbele pasiwe na maandishi wala sahihi. Chaki na penseli zipuliziwe dawa ya kushikiza, la sivyo zitafutika njiani.

Kunakili picha ya mpiga picha huiondoa kazi shindanoni. Mpe mtoto picha tano au sita za bata wa aina moja, kisha abuni mkao wake.