Nimevua samaki mwenye miguu

Jumamosi nilikuwa nimekaa kwenye mawe ya Narragansett Bay, hapa Rhode Island, Marekani, leseni mfukoni (ndiyo, huku hata wa kujivulia kitoweo anataka leseni) na vipande vya ngisi kwa chambo. Nilikuwa namtafuta gayogayo. Mimi mtu wa Tanga. Kiangazi kikifika na bahari iko pale, kukaa ndani siwezi.

Kitu kikadonoa, kikavuta. Nikamleta juu, na kabla sijamgusa akaguna. Naam, samaki akaguna! Kwoo, kwoo, kama chura aliyekanyagwa. Kichwa kigumu kama jiwe, miiba mpaka kwenye mashavu. Mapezi ya ubavuni akayatandaza kama mbawa za kipepeo, rangi ya kutu. Nikamlaza juu ya jiwe nimchomoe ndoana, na hapo ndipo nilipoiona miguu. Mitatu kulia, mitatu kushoto, myembamba kama ya kaa, kila mmoja unajikunja kivyake na kupapasa jiwe. Nikaruka nyuma, mshipi nikauacha hapohapo.

Mzee mmoja wa Cape Verde, jirani yangu pale maweni tu, alicheka mpaka akakohoa. Akaniambia huyo ndiye sea robin, anaishi chini kwenye mchanga, na wengi wakimpata humtupa au humkata chambo.

Nikampigia mjomba video. Amevua Tanga tangu hajaota ndevu. Akamtazama kimya, kisha akasema, "Mjomba, huyo si samaki huyo. Mrudishe kabla mwenyewe hajaja kumtafuta."

Usiku nikasoma habari zake. Ile miguu kwa asili ni miiba ya pezi iliyoachana na pezi lenyewe, na kweli huitembelea. Zaidi ya hapo, mwaka 2024 watafiti wa Harvard na Stanford walionyesha kwamba huitumia kuonja: anapita juu ya mchanga, miguu ikinusa kome aliyefukiwa chini, anafukua. Mlio nao unatoka kwenye kibofu chake cha hewa, misuli inakipiga kama ngoma.

Na si yeye peke yake wa ajabu chini huko. Juni nilipata mwingine kati ya mawe, toadfish, mdomo mpana kama mkoba, vinyama vinaning'inia kidevuni mithili ya ndevu, na taya za kukuvunjia kidole. Jamaa zake NASA iliwapeleka anga za juu mwaka 1998, kuchunguza jinsi sikio linavyoshika mizani ya mwili. Huyo nilimrudisha. Samaki aliyesafiri kunizidi, namwonea haya.

Lakini sea robin sikumtupa. Kichwa kimechukua nusu ya samaki, ila mkia una nyama nyeupe, ngumu, haivurugiki kwenye mchuzi. Nikamchuna, ndimu, tangawizi, pilipili, nikamchoma kidogo kisha nikampaka nazi. Nazi ya kopo, tusameheane. Kwa kweli nimekula changu huku wa bei mbaya wasiomfikia hata nusu.

Nikamtumia mjomba picha ya sahani. Jibu lilikuja asubuhi, maneno mawili tu: "Miguu umeila?"