Pikipiki inatema oili kwenye mpira wa kupumulia, nilivyohangaika nayo mpaka ikatulia

Hii pikipiki niliinunua mkononi kwa jamaa mmoja wa Ujiji, injini ya sisi (cc) 150, imetembea kweli lakini injini inalia vizuri, basi nikaanza kupiga boda hapa Mwanga, Kigoma. Wiki ya pili hivi nikambeba mama mmoja toka sokoni kwenda Ujiji, tumefika anashuka, anaangalia kitenge chake upande wa kushoto chini kwenye pindo, vidoa vyeusi vidogo vidogo kaa mtu kampulizia dawa ya mbu. Akaniambia, "Mwanangu, pikipiki yako inatema mate." Nauli sikudai, ningeanzia wapi.

Nikainama kuangalia. Pale abiria anapokanyaga, cheni, mpaka rimu ya nyuma, kote kumepata utando wa oili na lile vumbi jekundu limenasa juu yake. Nikafuata nikakuta kuna kampira kananing'inia nyuma ya injini, hakajachomekwa popote. Nikawasha, nikaweka kidole, kanapumua puf puf puf hewa ya moto, kidole kikatoka kimelowa. Ndo ule mpira wa kupumulia injini, wengine wanauita briza.

Sasa hapa ndo nilifanya ujinga wangu. Nikasema kama inatokea hapa basi dawa ni kuziba, nikatafuta bolti inayoenea nikaisokomeza nikakaza na waya. Siku ya kwanza safi kabisa, nikajiona fundi. Siku ya pili nimetoka Kibirizi na magunia mawili ya dagaa, kile kilima cha kutoka stesheni kupanda Mwanga nakipanda na gia ya pili injini inaunguruma, nafika juu naona kiatu cha kushoto kinateleza kwenye gia, kumbe oili imetafuta njia yake, sili ya pale kwenye shafti ya gia, ule mpira wa kuzuia oili, imesukumwa inavuja hasa. Badala ya ukungu sasa nina mfereji.

Fundi wa kwanza hata hakuinama. Akasema ringi za pistoni zimekwisha, tufungue, tuchonge silinda, pistoni mpya, elfu 180. Mi hiyo hela ningeitoa wapi na pikipiki ndo inanilisha. Nikabadilisha sili tu, bolti nikaitoa, nikakaa na mate yangu.

Aliyenisaidia ni mzee mmoja fundi kule Gungu. Nilipomweleza habari ya bolti akacheka kwanza, afu akaniuliza, "Oili unaipimaje?" Nikamwonyesha, pikipiki imelala kwenye stendi ya pembeni, nachungulia kile kioo cha kupimia oili upande wa kulia wa injini, oili ikionekana iko chini naongeza. Akasema, "Haya dogo, isimamishe wima." Tukaipandisha stendi kubwa, sehemu tambarare, injini imezimwa, tukasubiri kaa dakika tano. Kioo chote kimejaa mpaka juu, ule mstari wa juu wa kipimo, ambao oili haitakiwi kuupita, hauonekani hata. Yaani ukiilaza kushoto oili yote inakimbilia kushoto, kioo kiko kulia, lazima kikudanganye kwamba imepungua, na mi kila wiki naongeza tu. Na ukimwaga oili ya zamani haiishi yote, inabaki kidogo humo ndani, we unakuja unamimina chupa nzima ya lita kwa sababu chupa imekuja ya lita.

Tukafungua nati ya chini tukapunguza taratibu mpaka ikakaa katikati ya mistari miwili. Iliyotoka ilikaribia kujaza chupa ya soda. Mzee akanieleza kwamba hewa lazima itoke, pistoni ikishuka inaisukuma, na gesi kidogo inapenya kwenye ringi hata injini ikiwa mpya, ila oili ikizidi ile mashine inaichapa kaa mtu anakoroga uji, ndo ukungu unakuwa mwingi.

Nikamuuliza sasa kwa nini mpira ulichomolewa? Akafungua boksi la filta ya hewa, filta ya karatasi imelowa chapachapa. Kumbe mwenye pikipiki wa kwanza naye alikuwa anajaza kaa mi, oili ikaingia kwenye filta, pikipiki ikawa nzito, akaona bora auchomoe auache uning'inie. Filta ya karatasi ikishalowa hivyo haioshwi, nikanunua nyingine.

Mpira hatukuurudisha siku hiyo. Akanifungia kichupa cha maji cha nusu lita pembeni ya fremu, mfuniko umetobolewa matundu mawili, moja la mpira na jingine dogo la hewa kutokea limezibwa na kipande cha sponji vumbi lisiingie, akasema tembea wiki uone kinaingia nini. Abiria wakawa wananiuliza kama nimebeba dawa ya kienyeji. Baada ya wiki, safari za Mwandiga humo humo, chini ya chupa kulikuwa na kama kifuniko kimoja cha soda, tena nusu yake maji maji meupe kaa maziwa, ule unyevu wa asubuhi kabla injini haijapata moto.

Chupa nikaitupa, mpira nikauchomeka kwenye boksi nikakaza na klipu mpya. Ringi nazo kweli si mpya, asubuhi inatoa moshi wa bluu kidogo afu inaacha, hiyo ovaholi, yaani kufungua injini, nitaifanya biashara ya dagaa ikichangamka. Kwa sasa nachungulia kioo kila Jumapili, pikipiki wima. Yule mama nilimpakia tena juzi, kabla hajapanda akakunja kitenge akakishika mkononi, sikumlaumu.