Nambari ya mgeni si mali ya mwenye nyumba

Mtu anayesafiri kutoka Mombasa hadi Lamu huacha nambari yake ya simu mahali pengi kabla hajapata kitanda. Humwachia karani wa basi anayemkatia tiketi, mara nyingi huiandika tena kwenye orodha ya abiria wa mashua, na akifika mjini huiandika kwenye daftari la nyumba ya wageni, kando ya jina lake na nambari ya kitambulisho. Kila anayeiuliza ana sababu ya haki. Karani anataka kumpata abiria iwapo basi litachelewa. Orodha ya mashua ipo ili, Mungu apishe mbali, chombo kikipata ajali ijulikane ni nani waliokuwamo. Hakuna hata mmoja kati yao aliyepewa nambari hiyo ili amgawie mwingine.

Nasimamia nyumba ndogo ya wageni hapa Amu, yaani mji wa Lamu, na si zamani nilijiwa na afisa wa masoko wa kampuni moja ya safari za utalii, kijana mwenye heshima zake, akanieleza shauri ambalo yeye aliliona jepesi kabisa: "Kaka, wewe una wageni wako, nasi tuna wetu. Tubadilishane orodha, hakuna anayepoteza kitu." Nilikataa. Wenzangu kadhaa katika kazi hii wanaona nilijinyima riziki bure, na ndiyo sababu naandika haya, kwa kuwa jambo lenyewe ni zito kuliko linavyosemwa barazani.

Anayepoteza ni mgeni, naye hakuwapo tulipokuwa tukizungumza. Katika nchi yetu nambari ya simu haifanani na anwani ya baruapepe ambayo mtu anaweza kuiacha akafungua nyingine. Laini husajiliwa kwa kitambulisho, na kwa wengi wetu nambari hiyohiyo ndiyo pochi, kwa sababu fedha za M-Pesa zimo humo. Isitoshe, orodha mbili zikiunganishwa hutoa habari ambazo hakuna orodha moja iliyokuwa nazo: yangu inaonyesha mtu alilala hapa tarehe zipi na pamoja na nani, ya kampuni ya safari inaonyesha alilipa kiasi gani na kwa kwenda wapi, na ikiongezwa ya duka la dawa, mtu asiyemjua kabisa atakuwa anajua ugonjwa wake, uwezo wake na siku ambazo nyumba yake haina mtu.

Mgeni wetu wa miaka mingi, mama mtu mzima kutoka kisiwa cha Pate ambaye huja kila Maulidi, alinipigia simu baada ya sherehe kwisha. Alikuwa amepokea ujumbe wenye jina lake kamili, ukimtangazia vyumba vya bei nafuu kwa "wageni wa Maulidi", kisha mwingine wa mikopo, na hatimaye mtu akampigia akidai kwamba ametuma pesa kwake kimakosa na kumsihi azirudishe upesi. Hakutuma, alhamdulillahi. Lakini swali lake lilinikaa: "Mwanangu, hawa wamejuaje kwamba nilikuwa Amu?" Mimi sikuwa nimeitoa nambari yake kwa yeyote, lakini alikuwa ameiandika kwingineko pia, na hapakuwa na njia ya kujua ilikotokea. Orodha ikishanakiliwa haipungui kule ilikotoka na haiachi alama inakopita, na hata aliyeitoa akijuta, hawezi kuirudisha.

Kwa bahati njema sheria haikumtwika mama huyo mzigo wa kufanya upelelezi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya faragha, na Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, imeifafanua haki hiyo kwa wafanyabiashara wakubwa na wadogo. Inataka taarifa za mtu zitumike kwa kusudi lile lile aliloelezwa alipozitoa. Kifungu chake cha 37 kinakataza kuzitumia kwa biashara bila ridhaa iliyo wazi ya mwenyewe, isipokuwa pale ambapo sheria nyingine imeruhusu na yeye akaarifiwa wakati zinachukuliwa, na ni juu ya aliyezichukua kuthibitisha kwamba ridhaa ilipatikana. Malalamiko hupelekwa kwa Ofisi ya Kamishna wa Data, hata kwa mdomo, nayo inapaswa kuyamaliza ndani ya siku 90. Si sheria ya kuwekwa kabatini. Septemba 2023 ofisi hiyo ilitangaza kuitoza kampuni moja ya mikopo ya simu shilingi 2,975,000, kwa sababu ilitumia majina na nambari ilizopata kwa watu wengine, na kuwatumia wenyewe ujumbe wa vitisho.

Wapo watakaosema kwamba wao hawauzi orodha. Huenda ni kweli, lakini mwenye duka anayewakusanya wateja wake wote katika kundi moja la WhatsApp ili awatangazie bidhaa amemfichulia kila mmoja wao nambari za wengine wote, wakiwamo wake za watu na mabinti ambao hawakuulizwa. Hapo hakuna senti iliyobadilishana mikono, na hata hivyo faragha imekwisha.

Nyumba zetu za mawe zilijengwa kwa adabu ambayo biashara zetu zinapaswa kuifuata. Aliyekuja kwa shughuli hupokewa dakani, kibaraza cha mlangoni. Hukaa pale, hunywa kahawa yake na kumaliza lililomleta bila kuiona ndani. Aya ya 27 ya Suratun-Nur inatukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tuombe ruhusa na kuwatolea salamu wenyewe. Kampuni iliyopewa nambari na jirani haikupiga hodi kwa mwenyewe.

Kwetu tumeliondoa lile daftari lililokuwa wazi mezani, ambalo kila aliyeinama kujiandikisha aliweza kusoma waliomtangulia. Sasa kila mgeni hujaza kadi yake, nayo hufungiwa kwenye saraka ya meza. Chini yake pana mstari unaouliza kama angependa kupokea habari zetu, na kisanduku chake huachwa kitupu: asiyekitia alama hatumiwi chochote, na aliyekitia akibadili nia hutuambia nasi tukamwondoa bila kumdai sababu.

Wenzangu nimewapendekezea njia ya kutangaziana bila kupeana nambari. Jirani ananiletea tangazo lake, nami nalituma kwa wale tu walioniridhia kuwapelekea matangazo ya aina hiyo, kwa jina langu, nikieleza kwamba ni habari ya nyumba nyingine, na anayependezwa humpigia mwenyewe. Orodha haitoki mikononi mwangu. Nyumba mbili za mtaani kwetu zimekubali kujaribu hivyo kabla ya Maulidi ijayo, na kazi iliyobaki ni kuandika upya ule mstari wa chini ya kadi, ili mgeni aweze kuridhia habari zetu na kukataa za jirani.