Siku nzima juu ya dungu, kumngojea paa nunga

Ami yangu alikuwa msasi. Enzi zake walikwenda kundi zima, nyavu zimeshategwa, mbwa wakamkurupusha paa mpaka akajitia mwenyewe. Sasa paa huyo, nunga, ni marufuku kumwinda. Nilipomwambia nataka kumwona tu, nimpige picha, alicheka sana, kisha akakubali kunipeleka maweni huko Mtende, kusini Unguja.

Kwanza alinirudisha nyumbani. Shati langu lilifukizwa udi tangu Ijumaa na aliunusa kabla sijamaliza shikamoo.

"Mwanangu, unakwenda harusini?"

Nikavaa fulana iliyolala nje kwenye kamba usiku kucha.

Dungu lenyewe lilikuwa ubao mmoja na vijiti vinne, kimo cha watu wawili, limekabili mkuyu uliokuwa ukipukutisha kuyu zake. Kusi ilikuwa ikivuma, kwa hiyo ami alichagua mti ulio kaskazini ya mkuyu, harufu yangu ipeperuke nyuma. Akanifunga kamba kiunoni. "Utalala tu, kila mtu hulala." Chini ni mawe matupu yenye makali, sikubishana.

Nilipanda baada ya alfajiri, na maji, tende, muhogo wa kuchemsha, na chupa tupu ya haja nyengine. Nilichukua na karanga pia. Ganda la kwanza lilipopasuka niliona aibu peke yangu, nikazirudisha mfukoni.

Mpaka saa nne wageni wangu walikuwa maji moto tu, wale chungu wekundu wanaong'ata, wanapanda mguuni kwa mstari. Ukijipiga kofi moja, kazi ya asubuhi nzima imekwisha. Nikawa nawaminya mmoja mmoja kwa kidole gumba, polepole, juu ya suruali, huku machozi yananilenga. Mchana nililala kweli. Niliamka kamba imenikaza tumbo na kidevu kipo kifuani.

Saa tisa wakaja kima. Hawa hula kwa israfu, wanang'ata kuyu moja na kuangusha tatu, na ami alishanambia nunga hupita chini yao kuokota. Nikakodoa macho kwenye kichaka nilichodhani atatokea. Sikumwona akija. Niligeuka tu, yupo.

Mdogo kama mbuzi wa miezi michache, mwekundu, kishungi kimemsimama baina ya pembe, miguu ina madoa meupe kama aliyerushiwa chokaa. Aliokota, akatafuna, akaokota tena. Kamera ilikuwa mapajani. Niliinyanyua kwa muda mrefu mno, na picha niliyopata ni ya mkuyu.

Magharibi ami alikuja kunifungua. Nilimweleza yote, hata habari ya picha, lakini hiyo haikumshughulisha. Alikaa juu ya jiwe, kimya.

"Mimi nimewaona wengi," akasema, "lakini wote mbioni. Hebu nambie, akiwa hana wasiwasi masikio anayawekaje?"

Nikaweka viganja viwili kichwani, nikamwonesha: moja mbele, jengine linazunguka nyuma, kila moja na shughuli yake.